Nani anashika mizani ya mfugaji mnadani?

KATIKA mabucha mengi ya Dar es Salaam, kilo moja ya nyama ya ng'ombe imekwishavuka Sh10,000, na mlaji wa mjini anayelazimika kuomba robo kilo ana kila sababu ya kudhani kwamba mfugaji aliyemlea ng'ombe huyo huko Simiyu, Shinyanga au Manyara amekwishatajirika. Cha kushangaza ni kwamba mfugaji naye analalamika, akidai kuwa ng'ombe wake huchukuliwa kwa bei ya kutupa. Mwenye kiwanda cha nyama analalamika pia, kwa kuwa mitambo yake inafanya kazi chini ya uwezo kwa kukosa mifugo yenye uzito na afya inayotakiwa na soko la nje.

Malalamiko haya matatu yanatoka katika nchi ambayo, kwa takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi za mwaka 2023, ilikuwa na ng'ombe zaidi ya milioni 36, mbuzi zaidi ya milioni 26 na kondoo zaidi ya milioni tisa. Ni nchi chache mno barani Afrika zenye utajiri wa namna hiyo. Inakuwaje basi mzalishaji, msindikaji na mlaji wote wawe wanaumia kwa pamoja?

Majibu yaliyozoeleka tunayajua: malisho hayatoshi, magonjwa ni mengi, mbegu za asili ni ndogo kwa umbo, barabara za kwenda minadani ni mbovu. Yote hayo ni kweli na yamesemwa katika hotuba za bajeti kwa miaka mingi. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo halipewi uzito unaostahili, nalo ni kwamba mfugaji wa Tanzania huingia sokoni akiwa peke yake, wakati anaokutana nao huko hawako peke yao.

Utaratibu wa minada yetu umepangwa kwa ngazi. Ipo minada ya awali vijijini, iliyo chini ya halmashauri. Ipo ya upili iliyo chini ya wizara, kama Mhunze wilayani Kishapu, Igunga, Weruweru na ule wa Pugu unaoilisha Dar es Salaam. Na ipo ya mipakani kama Longido. Mfugaji wengi wetu tunayemfikiria hafiki kamwe Pugu. Yeye huishia kwenye mnada wa awali, ambako ameswaga mnyama wake kwa saa nyingi, pengine tangu alfajiri ya jana, kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani akadaiwe michango ya shule au mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali.

Hapo anakutana na dalali. Dalali si shetani kama anavyosemwa, kwani ni yeye anayejua nani anataka nini na nani ana fedha taslimu mfukoni. Lakini dalali yuko mnadani kila wiki, na wenzake wako mnadani kila wiki, na wanaelewana kwa ishara ya jicho. Mfugaji huuza mara chache kwa mwaka. Akikataa bei ya kwanza, ya pili inaweza kuwa chini zaidi, na anajua kwamba kumrudisha nyumbani mnyama aliyechoka, asiye na maji, ni hasara juu ya hasara. Jua likianza kuinama, anauza.

Mnyama huyo hupimwa kwa macho. Tuchukue mfano rahisi wa maksai mwenye uzito wa kilo 300 akiwa hai. Takriban nusu ya uzito huo, yaani kilo 150, ndiyo itakayotundikwa buchani. Mnunuzi akimkadiria kuwa na kilo 270, zimepotea kilo 30 za uzito hai, sawa na kilo 15 za nyama, ambazo kwa bei ya bucha za Dar es Salaam ni Sh150,000. Si kwamba fedha yote hiyo inaingia katika mfuko wa mtu mmoja. Njiani kuna lori, vibali, ushuru wa mnada, gharama za machinjio, na uzito ambao mnyama mwenyewe huupoteza akiwa amesimama garini siku mbili. Lakini kosa la jicho, katika biashara hii, halimwendei mfugaji kwa faida hata siku moja.

Wizara imekuwa ikihimiza matumizi ya mizani minadani, na baadhi ya minada imefungiwa mizani. Kinachofuata baada ya mizani kufungwa ndicho cha kutazamwa. Mizani isiyo na mtu wa kuisimamia kwa niaba ya muuzaji ni chuma tu kilichosimama uwanjani. Wanunuzi wanaweza kuisusia, wakaendelea kukadiria kwa macho pembeni, na mfugaji mmoja mmoja hana ubavu wa kuwalazimisha.

Wazee wa Usukuma wanaijua hadithi hii vizuri kuliko wachumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyokuwa ikiwapunja. Hawakungoja serikali ya kikoloni iwaletee mizani mingine. Waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba, na kila mkulima akapimiwa na mtu wake kabla ya kupimiwa na mnunuzi. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliolisimamia, vilichipuka vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baadaye lilikuwa miongoni mwa mashirikisho makubwa ya ushirika barani Afrika.

Pamba na ng'ombe vilikuwa, na bado ni, mali za kaya zilezile. Mkulima aliyeuza pamba kupitia chama alinunua ng'ombe kwa faida yake. Lakini ng'ombe huyohuyo alipofika wakati wa kuuzwa, hapakuwa na chama. Miaka 70 baadaye, hali haijabadilika sana.

Hii haina maana kwamba Tanzania haina vyama vya wafugaji. Vipo. Kipo Chama cha Wafugaji Tanzania, kinachojulikana kwa kifupi kama CCWT, na yapo mashirika ya jamii za wafugaji kama PINGO's Forum yenye makao Arusha, ambayo yamefanya kazi kubwa. Tatizo ni kwamba vyama na mashirika haya yalilelewa na vita nyingine, vita ya ardhi, na kila mlezi humfundisha mtoto anachokijua.

Itakumbukwa kwamba Desemba 2000, mapigano kati ya wakulima na wafugaji wilayani Kilosa yaliua watu zaidi ya 30. Mwaka 2006 na 2007 maelfu ya ng'ombe waliondolewa katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na kuswagwa kuelekea mikoa ya kusini, na wengi walikufa njiani. Oktoba 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, iliyoanzishwa kupambana na ujangili lakini ikageuka kilio kwa wafugaji waliokuwa karibu na hifadhi. Ripoti ya kamati ya Bunge juu ya operesheni hiyo ilisababisha mawaziri wanne kuondoka katika nafasi zao Desemba mwaka huo, akiwamo aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi, Dk. Mathayo David Mathayo.

Katika mazingira kama hayo, kiongozi wa wafugaji anayefaa ni yule anayejua kuzungumza na mbunge, kuita waandishi wa habari na kumtafuta wakili. Kujua bei ya mashudu ya pamba au uzito unaotakiwa na mnunuzi wa Dubai hakumsaidii kitu mtu ambaye ng'ombe wake wamefungiwa katika zizi la hifadhi. Ni haki kabisa kwamba vyama vilijengwa hivyo. Lakini matokeo yake ni kuwa mfugaji anaye msemaji anapofukuzwa, na hana msemaji anapouza.

Tofauti inaonekana vizuri tukitazama maziwa. Mkoani Tanga, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliunda chama chao kikuu cha ushirika, TDCU, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na chama hicho kikawa na hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh kinachosindika maziwa yao. Maziwa hukusanywa kwenye vituo, hupimwa, na mwenye ng'ombe hulipwa kwa lita alizopeleka. Si mfumo usio na kasoro, na wanachama wake wamekuwa na manung'uniko yao. Lakini hakuna anayekadiria maziwa ya mwenzake kwa jicho.

Wapo watakaosema maziwa ni rahisi, kwani hutoka kila siku, na lazima yauzwe kabla hayajaganda, kwa hiyo wenye ng'ombe hulazimika kushirikiana. Ng'ombe wa nyama anaweza kungoja. Hoja hii ina ukweli, lakini nadhani inapaswa kusomwa kinyume chake. Mwenye mali inayoweza kungoja ndiye aliyetakiwa kuwa na nguvu sokoni. Anachokosa ni mahali pa kungojea: malisho ya kiangazi, fedha ya kulipia dharura ya leo bila kumuuza mnyama leo, na taarifa kwamba bei ya Weruweru wiki hii ni nzuri kuliko ya mnada wa jirani. Vitu hivyo vitatu ndivyo hasa ambavyo chama cha wazalishaji huwapa wanachama wake pale kinapofanya kazi.

Mikoa ya Mwanza na Shinyanga inao mfano mdogo wa jinsi ambavyo ingewezekana. Kwa miaka mingi wapo watu, na vikundi vichache, wanaonunua ng'ombe waliokonda, wakawafungia na kuwalisha mashudu ya pamba na pumba kwa miezi mitatu hivi, kisha wakawauza wakiwa wamejaa. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kununua lori la mashudu. Kikundi cha watu 30 kinaweza, na kinaweza pia kumwita mnunuzi wa kiwanda aje na lori lake, akute ng'ombe 60 wa umri na uzito unaofanana, badala ya kuzunguka minada sita akiokota mmoja hapa na wawili pale. Faida ya unenepeshaji leo huenda kwa mwenye mtaji aliyenunua mnyama kwa bei ya kukonda, wala si kwa aliyemlea miaka minne.

Hapa ndipo maslahi ya mfugaji na ya kiwanda yanapokutana, ingawa mara nyingi hutazamwa kama mahasimu. Takwimu za mauzo ya nyama nje ya nchi zilipanda ghafla kutoka chini ya tani 2,000 mwaka 2020/21 hadi zaidi ya tani 10,000 mwaka 2021/22, na zaidi ya tani 14,000 mwaka uliofuata. Nyama hiyo huenda zaidi Umoja wa Falme za Kiarabu, Oman, Qatar, Kuwait na Saudi Arabia, na sehemu kubwa yake ni ya mbuzi na kondoo. Mnunuzi wa huko ana masharti juu ya uzito, umri na afya ya mnyama, na anataka mzigo ufike siku iliyopangwa. Kiwanda hakiwezi kumjibu kwamba mnada wa wiki hii ulikuwa mdogo kwa sababu ya mvua.

Nchi hii imekwishaiona hali hii mara moja. Wakazi wa Dar es Salaam wanaokwenda kwenye mikutano katika viwanja vya Tanganyika Packers, Kawe, pengine hawakumbuki tena kwamba hapo palikuwa na kiwanda kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig, kikisindika nyama ya kopo kwa ajili ya nje. Kilitaifishwa miaka ya 1970 na kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sababu za kifo chake zilikuwa nyingi, na uendeshaji mbovu ulikuwamo. Lakini mojawapo ilikuwa hii: kiwanda kilitaka ng'ombe kwa bei ya chini, wenye mabucha wakatoa bei nzuri zaidi, na wafugaji wakapeleka ng'ombe wao kwa mabucha au wakawaacha zizini. Kiwanda kikawa na njaa katikati ya nchi iliyojaa ng'ombe. Hapakuwa na chombo ambacho wafugaji wangekitumia kukaa na kiwanda na kusema, tupe bei hii nasi tutakupa ng'ombe wangapi kila mwezi.

Viwanda vya leo ni vya watu binafsi, na vingi vina mitambo bora. Swali la mahali ng'ombe watakapotoka ni lilelile, na sasa lina mshindani wa ziada. Mfugaji wa Longido anayeona mnunuzi kutoka Kenya akimlipa fedha taslimu na vizuri zaidi hatangoja kiwanda cha nyumbani kwa uzalendo. Wanaotaka kuzuia hilo kwa vizuizi barabarani wamejaribu kwa miaka mingi, na ng'ombe wangali wanavuka.

Tukivuka nao mpaka huo, tutakuta jambo ambalo halmashauri zetu zingeweza kujifunza. Katika kaunti kame za kaskazini mwa Kenya, kama Samburu, Isiolo na Marsabit, vipo vyama vya masoko ya mifugo vinavyounganishwa kitaifa na Baraza la Masoko ya Mifugo la Kenya, lililoanzishwa mwaka 2000. Mpango uliobuniwa huko ni wa chama na serikali kuliendesha soko kwa pamoja: ada inayotozwa kwa kila mnyama anayeuzwa hugawanywa, sehemu ikaenda serikalini na sehemu ikabaki kwa chama cha soko. Kwa fungu hilo chama hukarabati mazizi na kisima, hulipa walinzi na hutangaza bei.

Utekelezaji wake haukuwa laini. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, zipo kaunti zilizotamani ada yote, na zipo kamati za soko zilizotekwa na wafanyabiashara wakubwa. Wala vyama hivyo havikuweza kuzuia maafa ya ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo ipatayo milioni 2.6 ikafa nchini humo. Lakini wazo lenyewe ni zuri kwa kuwa linampa mwenye ng'ombe sababu ya kuuzia sokoni badala ya kichakani: anaona ushuru wake ukigeuka maji ya kunywesha.

Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Chama cha wazalishaji wa nyama nyekundu cha huko, RPO, hakiishi kwa hisani ya wafadhili. Chini ya Sheria ya Masoko ya Mazao ya Kilimo ya mwaka 1996, tasnia yenyewe inaweza kuomba tozo ya kisheria kwa kila mnyama anayeuzwa au kuchinjwa, na fedha hizo hutumika kwa utafiti, taarifa za soko na usalama wa mlaji, huku sehemu yake ikitengwa kwa ajili ya wafugaji wapya ambao wengi wao ni weusi walionyimwa nafasi enzi za ubaguzi. Tozo hiyo hupewa muda maalumu, na ikiisha lazima iombwe upya kwa hoja. Kwa maneno mengine, chama hulazimika kueleza kila baada ya miaka kadhaa kimefanya nini na fedha za watu.

Msomaji asidhani huko ni peponi. Wafugaji weusi waliona haja ya kuwa na chama chao, NERPO, kwa kuwa hawakujiona ndani ya kile cha zamani. Na mwaka 2025 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia hata katika mazizi makubwa ya kunenepeshea huko Heidelberg, mkoani Gauteng, tozo na taarifa hazikuuzuia. Kilichoonekana ni kwamba, mjadala wa chanjo ulipopamba moto, wafugaji walikuwa na watu wao wenye takwimu zao, waliobishana na serikali na mara nyingine wakaisukuma.

Linganisha hilo na yaliyotokea hapa katika suala la hereni za mifugo. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010. Lengo lake lilikuwa jema: mnyama mwenye namba anaweza kufuatiliwa akiibwa, akiugua na akiuzwa nje. Zoezi la kuvisha hereni za kielektroniki lilipoanza kusukumwa kwa nguvu, mfugaji alitakiwa kulipa Sh1,750 kwa kila ng'ombe. Mwenye ng'ombe 200 alitakiwa atoe Sh350,000 kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemweleza kitampa nini. Manung'uniko yakaenea, yakafika bungeni, na mwishoni mwa 2022 zoezi likasimamishwa.

Wengi walilichukulia tukio lile kama ushindi wa wafugaji. Kwa maoni yangu ulikuwa ushindi wa aina ya zamani, ule wa kuzuia. Chama cha wazalishaji chenye nguvu kingekuwa mezani kabla zabuni ya hereni haijatangazwa, kikauliza bei, kikadai gharama zigawanywe na kiwanda kinachonufaika na ufuatiliaji huo, kikataka namba ya ng'ombe itambuliwe na benki ili mfugaji aweze kukopa bila kuuza. Badala yake jambo lililohitajiwa na tasnia nzima lilikufa kwanza, ndipo mazungumzo yakaanza.

Jambo hilohilo sasa limerudi kwa sura nyingine. Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyopangwa kwa miaka mitano, serikali ikichangia sehemu ya gharama ya chanjo ili kumpunguzia mzigo mfugaji. Ni hatua kubwa, kwani bila chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe na ya sotoka ya mbuzi na kondoo, mazungumzo juu ya masoko ya nje ni porojo.

Lakini chanjo inahitaji watu wa kuwakusanya ng'ombe siku iliyotajwa, kupokea malalamiko anayekufa mnyama baada ya kuchomwa sindano, na kueleza kwa lugha ya kijijini kwa nini mwaka ujao lazima wachanjwe tena. Ofisa mifugo mmoja mwenye pikipiki na kata tatu hawezi. Sehemu zenye kamati ya josho iliyo hai, ambayo wanachama wake hulipia dawa na kulinda maji, kazi hii huwa rahisi. Penye josho lililokauka, chanjo nayo hukwama. Kamati hizo za josho ni ndogo na hazina jina kubwa, lakini ndizo zinazokaribia zaidi chama cha wazalishaji kwa maana yake halisi.

Kwa nini basi zisikue? Sababu moja haisemwi hadharani, nayo ni kumbukumbu. Ushirika ule wa Victoria uliosifiwa dunia nzima ulivunjwa, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote nchini. Viliporejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, warithi wake wa Kanda ya Ziwa, Nyanza na SHIRECU, waliishia katika madeni na mali zilizouzwa au kutoweka, huku wakulima wakidai malipo ya pamba waliyokwishapeleka. Mzee ambaye pamba yake haikulipwa hatakubali kirahisi kumkabidhi mtu mwingine ng'ombe wake kwa karatasi ya stakabadhi. Ng'ombe kwake ni benki, mahari na bima ya uzee. Anayemhubiria ushirika lazima aanze na jambo ambalo halimtaki amwachie mtu mali yake.

Ndiyo maana naamini mwanzo unaofaa ni ule wa wapimaji wa pamba. Chama kisichonunua ng'ombe, kisichokusanya fedha za mauzo, kinachofanya kazi moja tu ya kumpima mnyama na kuandika bei aliyouzwa, hakina cha kuiba kikubwa. Mfugaji anabaki na ng'ombe wake mpaka analipwa. Anachokipata ni namba mbili, uzito na bei ya wengine, na kwa namba hizo mbili anaweza kumjibu dalali. Kazi za kununua mashudu, kukopesha na kuingia mikataba na viwanda zinaweza kufuata pale watu watakapokuwa wameuona uaminifu wa mpimaji kwa misimu kadhaa.

Liko pia suala la nani anaitwa mfugaji. Katika mikutano mingi viongozi wanaosimama ni wanaume wenye mamia ya ng'ombe, na baadhi yao wenyewe ni wafanyabiashara wa mnadani. Ilhali nyama inayopaa kwenda Ghuba ni ya mbuzi na kondoo kwa sehemu kubwa, wanyama ambao katika kaya nyingi hutunzwa na wanawake. Mama mwenye mbuzi 12 ndiye hasa anayemlisha mnunuzi wa Muscat, na ndiye anayeuza mmojammoja kwa mchuuzi anayepita nyumbani. Chama kitakachomwacha nje kitakuwa kinazungumzia tasnia nyingine, si hii inayouza.

Bodi ya Nyama, iliyoundwa kwa Sheria ya Sekta ya Nyama ya mwaka 2006, ina mamlaka ya kusajili na kusimamia wadau wa tasnia hii, na imefanya kazi inayoonekana upande wa viwanda na mabucha. Upande wa mzalishaji bado ni mwembamba. Haitarajiwi bodi iwaundie wafugaji chama, kwa kuwa chama kilichoundwa na ofisi hufa ofisa anapohamishwa. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba kilo na bei za kila mnada wa upili zinatangazwa redioni kila wiki, ili hata asiye na chama ajue anadanganywa kwa kiasi gani.

Zilizobaki ni za halmashauri. Ushuru wa mnada ni miongoni mwa vyanzo vyao vya uhakika vya mapato katika wilaya za wafugaji, na ni vigumu kumpata diwani wa mjini atakayependa kuugawa. Lakini madiwani wa Kishapu, Longido, Simanjiro na Bariadi wanachaguliwa na wafugaji. Bajeti zitakapojadiliwa, wafugaji hao wanaweza kudai mambo mawili yasiyohitaji sheria mpya: fungu la ushuru libaki mnadani kwa ajili ya maji na mazizi, na mtu anayesimama kwenye mizani awe amechaguliwa na wao.